Jinsi ya kuchagua ukuta mtulivu kwa kaunta ya jiwe la sabuni

WENYE nyumba wengi wanaojenga au kukarabati jiko hutumia miezi kuchagua jiwe la kaunta, kisha huukumbuka ukuta ulio nyuma yake siku ambayo fundi anauliza vigae viko wapi. Kwa kaunta ya graniti kosa hilo huvumilika. Kwa kaunta ya jiwe la sabuni linaweza kuharibu sura ya jiko zima, kwa sababu jiwe hilo halibaki na rangi lililonunuliwa nayo.

Sehemu inayozungumziwa ni ile iliyo kati ya kaunta na makabati ya juu, ambayo kimo chake kwa kawaida ni sentimita 45 hadi 60. Ndiyo inayorushiwa maji ya sinki, mafuta ya kikaango na matone ya mchuzi unaotokota. Ni eneo dogo, mara nyingi lisilofika hata mita mbili za mraba, lakini liko mbele ya uso wa anayepika kila siku ya maisha ya nyumba hiyo.

Jiwe la sabuni limepata jina hilo kutokana na ulaini wake unaofanana na mche wa sabuni mkononi. Ulaini huo unatokana na talki, madini yaleyale yanayosagwa kutengeneza poda ya kupaka mwilini. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, talki safi ina daraja la 1, la chini kabisa, na hata ukucha huikwaruza. Jiwe linalokatwa kwa ajili ya kaunta huwa na talki pungufu na madini mengine magumu zaidi, lakini bado kisu kikiteleza huacha alama.

Pamoja na ulaini huo, ni jiwe lenye historia ndefu. Ndege waliochongwa katika mji wa kale wa Great Zimbabwe, ambao mmoja wao ameonekana katika bendera ya Zimbabwe tangu nchi hiyo ipate uhuru mwaka 1980, ni wa jiwe la sabuni. Nchini Brazil, mchongaji aliyefahamika kwa jina la Aleijadinho aliacha sanamu za manabii 12 katika mji wa Congonhas, alizozichonga kati ya mwaka 1800 na 1805. Sanamu kubwa ya Kristo Mkombozi jijini Rio de Janeiro, iliyokamilika mwaka 1931, imefunikwa kwa vipande vidogo vya jiwe hilo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, jina la jiwe la sabuni huleta picha ya Tabaka, katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, ambako familia nyingi huishi kwa kuchimba na kuchonga vinyago, sahani na mbao za bao. Hata hivyo, jiwe la Kisii si lile la kaunta. Kwa kawaida ni jeupe, la rangi ya maziwa, la waridi au la manjano hafifu, na huchimbuliwa kwa mapande ya kuchonga, si kwa mabamba mapana. Mabamba ya kaunta ni ya kijivu, na Brazil ni mojawapo ya vyanzo vyake vikuu. Finland na jimbo la Virginia nchini Marekani nako kuna machimbo yenye sifa ya muda mrefu.

Umaarufu wa jiwe hili jikoni umetoka hasa Marekani. Katika majimbo ya kaskazini mashariki, kama Vermont na New Hampshire, nyumba za karne ya 19 ziliwekewa sinki za jiwe la sabuni, na baadaye maabara za shule na vyuo zilifunikwa meza zake kwa jiwe hilohilo kwa kuwa tindikali hailidhuru kirahisi na haliathiriwi na moto wa kawaida. Mpishi hupata faida hizohizo: sufuria iliyotoka motoni yaweza kuwekwa juu yake, na ndimu, siki au ukwaju ukimwagika haukuli uso wake kama unavyokula marumaru.

Ubora huo ndio unaolifanya ukuta wake uhitaji uangalifu. Jiwe hili halimeremeti. Uso wake ni kama wa ubao wa darasani uliofutwa vizuri, wenye ukimya unaotawala chumba bila kelele. Likiwekwa chini ya ukuta wenye maua, michoro ya matunda au vipande vya vioo vya rangi saba, ukuta hushinda na jiwe huonekana kama saruji iliyosahaulika kupakwa rangi.

Mafuta kwanza, vigae baadaye

Uamuzi wa kwanza haumo katika duka la vigae kabisa. Mwenye nyumba anatakiwa kuamua kama kaunta yake itapakwa mafuta au itaachwa kavu.

Jiwe la sabuni likiwa kavu huwa la kijivu cha moshi, mara nyingi lenye dalili ya bluu au kijani ndani yake. Likipakwa mafuta ya madini hugeuka papo hapo kuwa la kijivu kizito kinachokaribia weusi, na mishipa myeupe iliyokuwa imefifia hujitokeza. Mafuta hayo hayalikingi jiwe dhidi ya kitu chochote cha maana, kwa kuwa lenyewe halinyonyi maji. Kazi yake ni kulifanya liwe na rangi moja kote.

Asiyepaka mafuta naye hawezi kukwepa mabadiliko. Mafuta ya kupikia na ya mikono hulifanya jiwe liwe jeusi kidogo kidogo, likianzia pale karibu na jiko la gesi na pale mpishi anapoegemea, huku pembe zisizotumika zikibaki kijivu. Wapo wanaopenda hali hiyo na kuiona kuwa ni umri wa jiko. Wapo wanaoichukia. Mwenye nyumba na ajijue mapema yuko kundi lipi.

Anayeamua kupaka atumie mafuta ya madini yasiyo na harufu, ya daraja linaloruhusiwa kugusa chakula. Katika maduka ya dawa hupatikana kwa jina la parafini ya maji. Fundi au mtumishi anayetumwa dukani aelezwe vyema, kwani nchini Kenya neno parafini humaanisha pia mafuta ya taa, na hayo hayafai hata kukaribia kaunta ya chakula. Mafuta ya alizeti, ya nazi au ya zeituni nayo hayafai, maana huchacha na kuacha harufu na utando unaonata. Miezi ya mwanzo jiwe huhitaji kupakwa mara kwa mara, pengine kila wiki chache, kila linapoanza kufifia, na baadaye kwa nadra zaidi.

Njia rahisi ya kujua kaunta itakavyokuwa baada ya mafuta ni kuchukua kipande cha sampuli na kukimwagia maji. Jiwe lililolowa huonyesha kwa ukaribu sana rangi ya jiwe lililopakwa mafuta. Nusu ya kipande ikiloweshwa na nusu ikaachwa kavu, mwenye nyumba huwa ameshika mkononi rangi zote mbili ambazo ukuta wake utalazimika kuishi nazo.

Hapo ndipo kosa kubwa zaidi hujionyesha. Watu wengi huchukua kipande kikavu cha kijivu, huenda nacho dukani na kununua vigae vya kijivu vinavyofanana nacho kabisa. Siku ya kufunga kazi kila kitu hupendeza. Kaunta inapopakwa mafuta, jiwe huwa jeusi, ukuta hubaki kijivu, na kile kilichokusudiwa kufanana huonekana kama kilichokosewa. Kijivu cha ukutani, kama ni lazima kiwepo, kiwe hafifu sana kuliko jiwe kavu, kiasi kwamba hakuna atakayefikiri kilikusudiwa kulingana nalo.

Nyeupe si rangi moja

Ukuta uliozoeleka zaidi na jiwe la sabuni ni wa vigae vyeupe vya mstatili, vya ukubwa wa sentimita 7.5 kwa 15. Asili ya sifa yake iko chini ya ardhi. Reli ya chini ya ardhi ya jiji la New York ilipofunguliwa Oktoba 1904, wasanifu wake George Heins na Christopher LaFarge walikuwa wamefunika kuta za vituo kwa vigae vya namna hiyo, kwa sababu viling'aa katika mwanga hafifu na vilikuwa rahisi kusafisha. Sababu hizo mbili ndizo zilezile za jikoni. Mwanga huhitajika zaidi hapo ambapo kaunta ni nyeusi na dirisha ni moja.

Katika maduka mengi ya Tanzania vigae hivyo huuzwa kwa jina la marumaru, au tailizi, hata kama ni vya udongo uliochomwa. Mnunuzi anayetaka marumaru halisi, yaani jiwe lenyewe, hana budi kusema hivyo waziwazi, la sivyo atapewa kauri. Kwa jambo linalozungumziwa hapa kauri ndiyo bora, kama itakavyoonekana.

Swali gumu ni weupe upi. Kuna weupe wenye ubaridi wa barafu, kuna wa maziwa, kuna wa chokaa na kuna unaoelekea njano ya siagi. Mtu akiwa dukani chini ya taa za mirija huuona wote kuwa mmoja. Karatasi nyeupe ya kuandikia ikiwekwa kando ya kigae, tofauti hutoka hapo hapo.

Kwa jiwe litakalopakwa mafuta, weupe wa barafu huleta mgongano mkali wa nyeusi na nyeupe, kama ubao wa draft. Weupe wa maziwa au wa chokaa hutuliza. Kwa jiwe litakaloachwa kavu na lenye bluu ndani yake, weupe safi hukubalika, lakini rangi za mchanga, biskuti na waridi hafifu ziepukwe, kwa kuwa kando ya kijivu cha bluu huonekana kama nyeupe iliyochafuka. Jiwe lenye dalili ya kijani ndilo linalosamehe zaidi, kwani hukubali weupe wa maziwa na pia kijani kilichopauka sana.

Jambo jingine ni mng'aro. Kwa kuwa jiwe halimeremeti kabisa, kigae chenye mng'aro wa wastani huupa ukuta uhai na kurudisha mwanga. Vigae vilivyotengenezwa kwa mkono, kama vile vya Fez nchini Morocco, huwa na nyuso zisizonyooka sawasawa, na mwanga ukivipiga hutawanyika kama juu ya maji yanayotikisika kidogo. Hivyo havihitaji rangi wala mchoro wowote. Ila ni ghali, na kingo zake zisizo sawa humtaka fundi mwenye subira. Vigae vikubwa vya kiwandani vyenye mng'aro wa kioo ni kinyume chake: taa zilizofichwa chini ya makabati hujichora humo kama mstari wa moto, na jicho haliendi kwingine.

Grauti, ile saruji laini inayoziba nafasi kati ya vigae, hupuuzwa mno. Grauti nyeusi kati ya vigae vyeupe huchora wavu ukutani, na wavu huo ni mchoro kama michoro mingine. Anayetaka utulivu achague grauti inayokaribiana na rangi ya kigae, na nafasi ziwe nyembamba, milimita 2 hadi 3. Lakini nyeupe kabisa nyuma ya jiko la gesi ni kujitakia taabu katika nyumba inayopika kwa manjano, binzari na mafuta ya mawese. Baada ya mwaka mmoja huwa ya njano bila kuulizwa. Kijivu hafifu sana au rangi ya pembe ya ndovu huficha zaidi. Grauti ya epoksi hustahimili madoa kuliko ile ya saruji, ingawa bei yake ni kubwa na hukauka upesi mikononi mwa fundi asiyeizoea.

Wapo wanaopandisha jiwe lenyewe ukutani. Likipandishwa hadi makabati ya juu, matokeo ni mazuri katika jiko kubwa lenye madirisha na makabati meupe. Katika jiko la nyumba ya ghorofa mjini, lenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, jiwe jeusi chini na jeusi ukutani hugeuza chumba kuwa pango, na umeme utawaka mchana kutwa.

Nusu ya njia hiyo ndiyo yenye busara. Ukanda wa jiwe wa kimo cha sentimita 10 hukatwa kutoka bamba lilelile la kaunta na kusimamishwa ukutani, kisha sehemu iliyobaki hupakwa rangi ya mafuta inayooshwa, kama ilivyozoeleka katika majiko mengi ya Dar es Salaam na Nairobi. Wauzaji wa vigae hawatalisema hili, lakini kwa nyumba nyingi linatosha kabisa. Ukanda hupokea maji, rangi hupokea macho, na mwenye nyumba akichoka baada ya miaka mitano hununua kopo jingine. Nyuma ya jiko la gesi peke yake panaweza kuwekwa vigae vichache au bamba la chuma kisichoshika kutu.

Wakazi wa pwani wana njia nyingine inayotoka nyumbani kwao. Kuta za nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zilipigwa lipu ya chokaa, na vyumba vya ndani vilipambwa kwa zidaka za chokaa hiyohiyo, nyeupe juu ya nyeupe, ambamo viliwekwa vyombo vya kauri vya kigeni. Hakuna ukuta unaolipokea jiwe la kijivu kwa upole kuliko huo. Chokaa ina weupe usio na ukali, na alama za mwiko humfanya mtu aone mkono wa binadamu.

Tatizo la chokaa ya kawaida ni kwamba hunywa maji na mafuta. Nchini Morocco mafundi wa Marrakech hulitatua kwa kusugua chokaa mbichi kwa jiwe laini na kisha kuipaka sabuni ya mafuta ya zeituni. Sabuni hukutana na chokaa na kutengeneza tabaka linalozuia maji. Kazi hiyo, inayoitwa tadelakt, hutumika hata bafuni. Hata hivyo, tindikali huila. Ndimu ambayo kaunta ya jiwe la sabuni haiishughulikii kabisa itaacha doa la kudumu kwenye ukuta wa chokaa ulio juu yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa marumaru halisi, ambayo asili yake ya kikemikali ni jamaa wa chokaa. Marumaru nyeupe juu ya jiwe la sabuni ni picha inayopendwa na majarida ya nyumba. Kinachosahaulika ni kwamba marumaru nayo ina mishipa, na mishipa miwili inayokwenda njia mbili tofauti katika ukuta mmoja si utulivu. Mwenye jiwe lenye mishipa mingi myeupe achague ukuta usio na mshipa hata mmoja. Aliye na jiwe lisilo na mishipa ana uhuru zaidi, ilimradi awe tayari kufuta siki haraka.

Vioo vya rangi, mozaiki ya vipande vidogo vinavyomeremeta na vigae vyenye picha za chupa za mvinyo havina nafasi hapa.

Mahali ukuta unapokutana na jiwe

Hata chaguo zuri huharibika katika mstari mmoja, ule ambapo kigae cha kwanza hukaa juu ya kaunta. Mpangilio sahihi wa kazi ni makabati kwanza, kaunta ya pili, ukuta wa mwisho. Jiwe la sabuni ni zito, na makabati hushuka kidogo baada ya kubebeshwa. Vigae vikitangulia, pengo hutokea baadaye na hakuna namna ya kuliziba kwa uzuri.

Kati ya kigae cha chini na jiwe iachwe nafasi ya milimita 2 au 3, na nafasi hiyo isijazwe grauti. Grauti ni ngumu, nayo ukuta na kaunta husogea kila kimoja kwa namna yake kutokana na joto na uzito. Itapasuka, maji yatapita nyuma, na mbao za kabati zitavimba kabla mwenye nyumba hajagundua. Hapo hutiwa silikoni, ambayo hunyumbulika. Rangi yake ifuate grauti ya ukuta, si jiwe, kwa sababu rangi ya jiwe itabadilika.

Silikoni haishiki juu ya jiwe lenye mafuta. Mafundi wengi hulijua jambo hili baada ya kuitwa warudi. Kaunta isipakwe mafuta mpaka ukuta umekamilika na silikoni imekauka kabisa. Kama jiwe limeshapakwa, ukingo wake usafishwe kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke bila mafuta.

Baada ya hapo, kila wakati wa kupaka mafuta, mstari wa chini wa ukuta ubandikwe utepe wa karatasi unaotumiwa na wapaka rangi. Grauti ya saruji, chokaa na marumaru hunyonya mafuta na kubaki na kivuli ambacho hakitoki. Kigae cha kauri chenye mng'aro hakinyonyi, na hiyo ni sababu nyingine inayoipa kauri ushindi.

Nafasi za soketi ziamuliwe na fundi umeme kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa. Soketi nne zilizotapakaa katikati ya ukuta mweupe ni michoro minne ambayo hakuna aliyeichagua. Zikiwezekana kupangwa katika mstari mmoja, karibu na sehemu ya chini ya makabati, ukuta hubaki mtupu pale unapotazamwa.

Ukataji ufanyike nje ya nyumba, kwa mashine inayotumia maji, na fundi avae kinyago cha kuzuia vumbi laini. Vumbi la kauri na la mawe mengi lina silika, inayosababisha ugonjwa wa mapafu usiotibika, na baadhi ya miamba yenye talki huweza kuchanganyika na nyuzi za asbesto. Australia ilipiga marufuku mawe ya kaunta yanayotengenezwa viwandani kuanzia tarehe 1 Julai 2024 baada ya wakataji wengi kuugua silikosi. Anayemwambia fundi amalizie kukata sebuleni kwa sababu nje kuna jua, anaokoa dakika kumi kwa mapafu ya mtu mwingine.

Wanaotumia maji ya visima, hasa katika maeneo ya Dar es Salaam ambako maji hayo yana chumvi, watarajie madoa meupe juu ya jiwe jeusi na juu ya vigae karibu na bomba. Juu ya kigae chenye mng'aro madoa hayo hufutika kwa siki na maji. Juu ya ukuta wa chokaa au marumaru siki haitumiki, kwa sababu zilizokwisha kutajwa.

Kabla fedha haijatoka, sampuli zikae jikoni kwa wiki moja. Vigae vitatu au vinne vya kila aina visimamishwe ukutani, nyuma ya kipande cha jiwe kilicholoweshwa nusu, na vitazamwe asubuhi, adhuhuri na usiku. Taa ina neno kubwa hapa. Balbu yenye mwanga wa joto, ya kelvini 2700 hadi 3000, hulifanya jiwe la kijani lionekane la kahawia na weupe wa maziwa uwe wa siagi. Balbu ya kelvini 6500, ambayo imeenea katika maduka mengi ya hapa nchini, hulitia jiwe bluu na kuufanya ukuta mweupe uonekane kama wa zahanati. Mara nyingine kinachohitaji kubadilishwa ni balbu, si kigae.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kaunta yenye urefu wa mita 3 na ukuta wenye kimo cha sentimita 45 hutoa eneo la mita 1.35 za mraba. Kwa vigae vya sentimita 7.5 kwa 15 hiyo ni vigae 120, na ikiongezwa asilimia 10 ya vitakavyovunjika na kukatwa, ni 132. Maboksi yote yasomwe namba ya toleo kabla ya kutoka dukani, kwa kuwa weupe wa toleo moja si weupe wa toleo jingine hata kama jina kwenye boksi ni lilelile. Vigae vitakavyobaki vifungwe vizuri na kuwekwa darini, kwani siku ya kubadilisha bomba fundi atavunja viwili, na dukani huenda visipatikane tena.